Mwongozo Kamili wa Kuhamishia Mtandaoni Maonyesho ya Wahusika wa Kihistoria

Makumbusho ya wazi ya Skansen yalipofunguliwa Stockholm mwaka 1891, mwanzilishi wake, Artur Hazelius, hakuridhika na nyumba kongwe zilizobomolewa vijijini na kusimamishwa upya. Aliweka pia watu waliovaa mavazi ya enzi hizo, wakifanya kazi na kupiga muziki mbele ya wageni. Makumbusho mengi yamelifuata wazo hilo tangu wakati huo, na kwa jumla yamelifuata kwa njia mbili. Ipo njia ya nafsi ya kwanza, ambamo mwigizaji ni mhusika mwenyewe tangu mgeni anapoingia hadi anapotoka, naye hasemi "watu wa kale walikuwa wakipika hivi" bali "sisi hupika hivi". Ipo pia njia ya nafsi ya tatu, ambamo aliyevaa mavazi ya kale hubaki kuwa mtu wa leo anayeeleza mambo ya jana.

Mwaka 2020, UNESCO ilipokadiria kwamba makumbusho zaidi ya 85,000, yaani karibu asilimia 90 ya yote duniani, yalikuwa yamefunga milango kwa sababu ya UVIKO-19, maonyesho ya namna hii yalihamishiwa mtandaoni kwa pupa. Mara nyingi kamera moja ilisimamishwa nyuma ya ukumbi, mwigizaji akaambiwa aseme yaleyale aliyoyazoea, na picha iliyopatikana ikafanana na ya kamera za ulinzi. Lakini ubovu wa picha ndio uliokuwa tatizo dogo. Kubwa lilikuwa kwamba mgeni alikuwa amenyang'anywa kile kilichomleta, nacho ni nafasi ya kumuuliza swali mtu wa mwaka 1857 na kujibiwa naye papo hapo. Kinachohamishwa, basi, ni mazungumzo. Hotuba ni chombo tu cha kuyaanzisha. Kila uamuzi utakaofuata, uwe wa taa, wa kamera, wa muda au wa mkataba, upimwe kwa kuuliza iwapo unayalinda mazungumzo hayo au unayaua.

Hatua ya kwanza: kuchagua njia ya kurusha

Kabla ya kununua chochote, amua kama onyesho litafanyika katika mkutano wa video, litarushwa mubashara kwa umma wote, au litarekodiwa. Watu huzichukulia njia hizi kama tofauti ya ukubwa wa hadhira, ilhali tofauti yake kuu ni muda ambao swali huchukua kumfikia mwigizaji. Katika mkutano wa video, sauti hufika kwa muda usiozidi sekunde moja, hivyo mtoto anaweza kuuliza na mhusika akamjibu huku wakitazamana. Katika urushaji mubashara wa mitandao ya kijamii, picha huweza kuchelewa sekunde 10, 20 au hata zaidi, mwigizaji akiuliza "Je, mmewahi kuona sindano kama hii?" hukaa kimya akisubiri majibu ambayo hadhira bado haijaanza kuyaandika. Kimya cha namna hiyo kimewafedhehesha waigizaji wazuri sana.

Kwa madarasa na vikundi vya watu 15 hadi 35, chagua mkutano wa video. Ikiwa hadhira ni ya mamia, tumia urushaji mubashara, lakini uandike hati ya onyesho, yaani maneno na mpangilio wake, inayokubali ucheleweshaji: swali liulizwe, kisha mhusika aendelee na kazi ya mikono au kisa kifupi, ndipo arudi kwenye majibu. Rekodi ina manufaa yake, hasa kama kionjo cha dakika 3 au 4 ambacho mwalimu huwaonyesha wanafunzi siku moja kabla, ila isiitwe onyesho la mhusika, kwa sababu hakuna wa kuzungumza naye.

Hatua ya pili: kumchagua mhusika na kumfungia tarehe

Si kila mhusika anayependwa ukumbini atapendeza kwenye skrini. Askari anayewaburudisha wageni kwa gwaride hupoteza nusu ya nguvu zake ndani ya fremu ndogo, wakati mwanamke anayeshona, anayeandika barua au anayechambua mitishamba hunufaika, kwani kamera humsogeza karibu kuliko kamba ya ukumbini ilivyoruhusu. Tafuta mhusika mwenye kazi ya mikono na mwenye jambo ambalo mtu angependa kumdadisi.

Nitamtumia Mary Seacole kama mfano. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805, akajifunza uganga wa mitishamba kwa mama yake, akawatibu wagonjwa wa kipindupindu huko Panama, kisha akaenda London mwaka 1854 kuomba kuwahudumia askari wa Vita vya Krimea. Alikataliwa. Akasafiri kwa gharama zake mwenyewe na mwaka 1855 akafungua karibu na bandari ya Balaclava, huko Krimea, nyumba aliyoiita British Hotel, ambako aliuza vyakula na kuwatibu askari. Vita vilipomalizika mwaka 1856 alirejea Uingereza akiwa amefilisika, na mwaka uliofuata akachapisha kumbukumbu zake.

Maisha marefu kama hayo hayaingii kwenye dakika 20, wala hayapaswi kuingizwa. Mfungie mhusika tarehe moja, kwa mfano siku moja ya kiangazi cha 1857, kumbukumbu zake zikiwa zimetoka kiwandani na hali yake ya fedha ikiwa bado ngumu. Tarehe ikishafungwa, mwigizaji anajua mipaka ya maarifa yake. Anaweza kuzungumzia Panama, Krimea na kukataliwa kwake. Hawezi kuzungumzia kifo chake cha mwaka 1881, wala kura ya mwaka 2004 iliyomtaja kuwa Mwingereza Mweusi mashuhuri kuliko wote, wala sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2016 mbele ya Hospitali ya St Thomas' jijini London. Hayo ni ya mshereheshaji, ambaye tutamfikia baadaye. Mpaka huu una umuhimu zaidi mtandaoni kuliko ukumbini, kwa sababu mtazamaji anao ukurasa mwingine wa intaneti uliofunguliwa kando, naye atauliza juu ya sanamu hiyo ndani ya dakika tano za mwanzo.

Mwandalie mwigizaji daftari la maswali. Liwe na maswali yasiyopungua 60, kila moja likiwa na jibu la mhusika, chanzo cha jibu hilo, na alama inayoonyesha kama ni jambo lililothibitika au ni makisio ya mtafiti. Kazi hii inachosha, na ndiyo hurukwa mara kwa mara. Bila daftari hilo, mwigizaji hodari hubuni jibu, na jibu lililobuniwa mbele ya darasa lenye simu mikononi huumbuka upesi.

Hatua ya tatu: kuiandika hati upya

Onyesho la ukumbini la dakika 45 lisipunguzwe kwa kukatakata aya. Liandikwe upya kwa muundo huu: dakika 2 za mshereheshaji, dakika 12 hadi 15 za mhusika zikikatishwa na maswali angalau mara tatu, dakika 15 za mazungumzo huru, na dakika 5 za mwisho ambazo mwigizaji huvua kofia au kitambaa cha kichwani na kujibu kama mtu wa leo. Dakika hizo tano zisikatwe hata muda ukibana. Ndipo watoto huuliza yale waliyoyaogopa, kama vile ni kipi kilikuwa kweli na kipi kilikuwa maigizo.

Ufunguzi ndio unaobadilika zaidi. Ukumbini mhusika huingia akitembea, wageni wakageuza vichwa. Kwenye skrini hakuna pa kuingilia. Hati ya zamani ya Seacole huenda ilianza kwa kusema, "Karibuni, mimi ni Bi Mary Seacole, nilizaliwa Kingston." Hati mpya ianze kazi ikiwa tayari inaendelea. Kamera inapofunguka tunaona mikono miwili ikifunga vichupa vya dawa kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, na kuvipanga ndani ya sanduku. Mkono unasita. Uso unainuka, unatazama kamera: "Nyie ndio wadai wangu, au ni wageni tu?" Kwa sentensi hiyo moja hadhira imepewa nafasi ndani ya hadithi, imejua kwamba kuna deni, na inalazimika kujibu. Wanafunzi wa kwanza hucheka, wa pili huandika "wageni", na kuanzia hapo mazungumzo yamekwisha kushika njia.

Kila dakika mbili au tatu pawepo na kitu cha kushikwa: chupa, barua, kitambaa, hesabu ya mafuta ya taa. Kitu kisogezwe taratibu hadi karibu na kamera, kishikiliwe hapo kwa sekunde tano kamili, kwa maana kamera nyingi huchelewa kulenga upya na mwigizaji aliyezoea ukumbi hukirudisha kabla hakijaonekana vizuri. Tumia nakala, kamwe usitumie kitu halisi cha mkusanyo.

Hatua ya nne: haki, ridhaa na vipande vinavyosambaa

Mkataba wa mwigizaji wa ukumbini kwa kawaida haugusi rekodi. Andika mkataba mpya unaotaja kama onyesho litarekodiwa, rekodi itakaa mtandaoni kwa muda gani, nani anaweza kuikata vipande, na malipo ya ziada ni kiasi gani ikirudiwa. Mwigizaji akigoma kurekodiwa asihukumiwe kuwa mkaidi. Ukumbini kosa lake hufa na siku hiyo, mtandaoni hubaki.

Hakimiliki ikaguliwe kitu kwa kitu. Kumbukumbu za Seacole zenyewe ziko huru, lakini hati ya onyesho ni mali ya aliyeiandika au ya aliyemwajiri kulingana na mkataba, muziki wa nyuma una wenyewe hata wimbo ukiwa wa kale, kwa kuwa rekodi yake ni ya juzi, na picha ya mchoro uliotundikwa katika makumbusho mengine huenda ikahitaji kibali. Kwa upande wa watoto, fuata sheria za nchi waliko. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Katika Umoja wa Ulaya umri wa mtoto kujitolea ridhaa mwenyewe ni miaka 16, ingawa nchi mwanachama inaweza kuushusha hadi 13. Kanuni rahisi ni kutorekodi kabisa vipindi vya shule. Ukitaka rekodi, fanya kipindi maalumu na watu wazima waliokubali.

Jambo zito zaidi ni muktadha. Oktoba 1994, makumbusho ya Colonial Williamsburg huko Virginia yaliigiza mnada wa watumwa, na hata pale pale, mbele ya watu waliokuwa wakiona kila kitu tangu mwanzo, watu walipinga vikali. Hebu fikiria maneno ya mwenye watumwa yakikatwa kuwa kipande cha sekunde 20 na kusambazwa bila mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo wahusika waliotenda dhuluma wasizungumze kwa nafsi ya kwanza mtandaoni. Waelezwe kwa nafsi ya tatu, au barua zao zisomwe na mtu asiyevaa mavazi yao. Wapo wenzangu wanaoona huu ni woga. Mimi naona ni kuijua tabia ya chombo unachokitumia. Vilevile, mwigizaji anayeigiza mtu aliyefanywa mtumwa apewe haki ya kukatisha kipindi bila kuomba ruhusa, maana matusi yanayoandikwa na mtu asiyeonekana sura huwa makali kuliko ya ana kwa ana.

Hatua ya tano: chumba, mwanga, sauti na mtandao

Wazo la kwanza la kila mtu ni kurushia onyesho katikati ya ukumbi wa vitu vya kale, na hapo ndipo mtunzaji wa mkusanyo anapopaswa kusikilizwa mapema. Nguo, karatasi na michoro ya rangi za maji kwa kawaida huangaziwa kwa mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha wingi wa mwanga), na michoro ya mafuta luksi 200 hivi, ilhali kamera ya kawaida hutaka mwanga mwingi zaidi ili picha isijae chembechembe. Ama ufunike au uondoe vitu vinavyodhurika, ama uhamie chumba kisicho na mkusanyo na kukipamba kwa nakala. La pili ni nafuu na huwaacha wote na amani. Tumia taa za LED zisizotoa joto, zote zikiwa na rangi moja ya mwanga; taa ya kelvini 3,200 ikichanganywa na mwanga wa dirisha wa kelvini 5,600, uso wa mwigizaji utakuwa wa machungwa upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Picha ikimetameta, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga wa kila picha, kuwa sekunde 1/50 mahali ambapo umeme ni wa hezi 50, au 1/60 ambapo ni wa hezi 60.

Lenzi ikae usawa wa macho, na fremu ianzie kiunoni ili mikono ionekane. Dirisha lenye nyuso za hadhira liwekwe chini kabisa ya lenzi, na kibandiko chenye rangi kibandikwe kando ya lenzi kumkumbusha mwigizaji mahali pa kutazama. Epuka vitambaa vyenye mistari myembamba, ambavyo hutetemeka kwenye picha, na aproni nyeupe pepe, ambayo huimeza sura. Kitambaa kilichochovywa chai kidogo huonekana cheupe na hakimulikimuliki. Mandhari bandia ya programu isitumike kabisa, kwani hukata kingo za kofia na kumeza chupa inapoinuliwa. Mwambie pia mwigizaji kwamba barua anayoiona imegeuka kama kwenye kioo haijageuka kwa watazamaji. Nimeona mtu akiigeuza barua nje ndani katikati ya sentensi kwa hofu hiyo tu.

Sauti ina thamani kuliko picha. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti ya mwangwi humfukuza. Kipaza sauti cha kubana kwenye nguo kikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na ushanga na kitambaa kilichotiwa wanga. Somo hilo nililipata kwa aibu: dakika 20 nzima za onyesho langu la kwanza zilisikika kama mtu anayekunjakunja magazeti, kumbe ni kola ya mwigizaji iliyokuwa ikikisugua kipaza sauti, nasi hatukuwa na mtu hata mmoja anayesikiliza kwa upande wa mtazamaji. Zima pia kipengele cha programu kinachopunguza kelele, kwa sababu huhesabu wimbo, maji yanayomiminwa na kinu kinachosaga kuwa ni kelele, na kuvifuta.

Mtandao uwe wa waya. Kwa picha ya ubora wa juu, kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde inatosha, ila hakikisha njia inamudu maradufu ya hiyo, na uipime saa ileile ya siku ambayo onyesho litafanyika. Simu yenye kifurushi cha data iwe tayari kando kama akiba.

Hatua ya sita: mshereheshaji na wenzake

Mwigizaji asisome maswali mwenyewe. Mhusika wa mwaka 1857 anayekodoa macho kusoma sanduku la gumzo amekwisha kufa. Mshereheshaji, aliyevaa nguo za leo, huyapokea maswali, huyachuja na kuyafikisha kwa sauti kana kwamba anamtambulisha mgeni aliyebisha hodi: "Bi Seacole, kuna msichana hapa anataka kujua kwa nini walikukataa." Yeye ndiye pia hubeba kila kilicho nje ya tarehe ya mhusika. Swali la sanamu likija, haliendi kwa Seacole, mshereheshaji hulijibu katika dakika za utangulizi au za mwisho, au huligeuza: "Bi Seacole, unadhani watu watakukumbuka?" Mwenye hila hizi ni hazina, naye alipwe na afanyishwe mazoezi sawa na mwigizaji.

Mtu wa tatu hushughulikia mitambo, kuruhusu watu kuingia na kuwanyamazisha wavurugaji. Watatu ndio kima cha chini. Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yakitolewa na mashine pekee, majina kama Balaclava na Sevastopol yatageuzwa kuwa vichekesho, kwa hiyo mpe anayeandika manukuu orodha ya majina siku mbili kabla. Mkalimani wa lugha ya alama apewe hati mapema pia, na kisanduku chake kisifunikwe na kitu chochote.

Hatua ya saba: mazoezi ya kuharibikiwa

Mazoezi ya hati ni ya kawaida. Ya ziada ni yale ambayo msimamizi wa mitambo huharibu mambo makusudi: anazima kipaza sauti, anakata mtandao, anaingiza mtu anayetukana. Mwigizaji ajifunze kubaki mhusika kwa sekunde 30 hivi huku tatizo likitatuliwa, pengine kwa kurudi kwenye vichupa vyake na kuimba kimyakimya, na mshereheshaji ajue ni lini aseme wazi kwamba kuna hitilafu. Jambo likipita dakika mbili, kipindi kisimamishwe na hadhira ielezwe ukweli. Fanya pia onyesho moja la majaribio kwa darasa halisi, ukikaa wewe mwenyewe kwenye darasa hilo, nyuma kabisa, ukitazama skrini ambayo watoto wanaitazama; yale yanayoonekana vizuri kwenye kompyuta yako mara nyingi hayaonekani kwenye ukuta wa darasa lenye jua.

Siku ya onyesho timu ifike dakika 90 kabla. Mitambo ijaribiwe, mwigizaji avae na kuketi mahali pake dakika 15 kabla, na mwalimu apigiwe simu kuthibitisha kwamba sauti ya darasani inafika.

Baada ya onyesho

Idadi ya waliotazama ni takwimu dhaifu, kwani humhesabu hata aliyepita kwa sekunde chache. Hesabu maswali: mangapi yaliulizwa, na watu tofauti wangapi, na dakika ipi swali la kwanza liliingia. Swali la kwanza likichelewa kupita dakika ya sita, tatizo liko kwenye ufunguzi wa hati. Maswali yote yaingizwe kwenye daftari, na yale ambayo mwigizaji alishindwa kuyajibu yapelekwe kwa mtafiti wiki hiyohiyo, kisha majibu yatumwe kwa darasa lililouliza, yakiwa yameandikwa kama barua ya mhusika. Kama kipindi kilirekodiwa kwa ridhaa, hifadhi faili asili pamoja na hati, mkataba na manukuu katika sehemu mbili tofauti, na uandike juu yake tarehe ambayo ruhusa ya kuitumia inakwisha.